Kusoma Nota Papo kwa Papo kwa Do-Re-Mi: Mwongozo kwa Wanakwaya wa Malindi

Kwaya nyingi hapa Malindi hujifunza wimbo kwa njia moja. Mwalimu anaimba mstari, sauti ya kwanza inamfuata, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, na kurudia tena na tena mpaka kila mtu amekariri. Wimbo mmoja wa sauti nne unaweza kula mazoezi ya wiki nzima. Karatasi ya nota ipo mkononi, lakini macho yanasoma maneno tu. Zile herufi d, r, m zilizo juu ya maneno zimeachiwa mwalimu peke yake. Siku mwalimu akihamia Garsen au Mombasa, kwaya inabaki na nyimbo zile zile ilizokwisha kuzishika.

Herufi zile ni za kila mwanakwaya. Ukiweza kuimba bila kupotoka sauti, unaweza kujifunza kuzisoma, hata ukafika mahali unapewa wimbo hujawahi kuusikia ukauimba hapo hapo. Hakuna haja ya kinanda wala ada ya chuo. Tenga dakika kumi au kumi na tano kila siku, na ufuate utaratibu unaoanza na kinachotakiwa kuanza. Wengi hukwama kwa sababu ya utaratibu, wakadhani wamekosa kipaji.

Kwanza, ujue unachokisoma

Majina ambayo herufi zile ni vifupi vyake, Do, Re, Mi, Fa, So, La, Ti, ni ya zamani. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyachukua mengi yake kwenye silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza ilianza kila mmoja sauti moja juu ya uliotangulia; Do na Ti zilikuja baadaye. Uandishi wa herufi tunaoutumia sisi ulianzia kwa Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na John Curwen akautengeneza na kuueneza kuanzia miaka ya 1840, ili watu wasio na ala yoyote waweze kuimba kwa sauti nne. Wamisionari wakaja nao.

La muhimu kwako ni hili: Do haina mahali pamoja pa kudumu. Juu ya karatasi utaona "Do ni G" au "Do ni F". G na F ni majina ya sauti za kinanda, ambazo hazihami. Hiyo inakwambia leo Do imewekwa wapi. Wimbo huo huo ukishushwa kwa sababu sauti ya kwanza wana mafua, Do inashuka na wenzake wote wanashuka nayo. Kisichobadilika ni masafa kati yao. Do hadi Re ni hatua nzima, Re hadi Mi hatua nzima, Fa hadi So, So hadi La, La hadi Ti, zote nzima. Mi hadi Fa ni nusu hatua, na Ti hadi Do ya juu ni nusu hatua. Weka alama kichwani kwenye hizo nusu mbili, kwa kuwa makosa mengi ya kwaya hutokea hapo: Fa inaimbwa juu mno, Ti inaimbwa chini mno, na kufikia ubeti wa tatu kwaya nzima imeshuka.

Hatua ya kwanza: Do, Mi, So, na usipande ngazi

Hapa nitakaa kidogo.

Desturi ya mazoezi yetu ni kuanza kwa ngazi: do re mi fa so la ti do, kisha kushuka. Ni joto zuri la koo. Kwa kusoma nota, haikufikishi mbali, maana unaizoea kwa mfuatano. Ukiulizwa La iko wapi, lazima uanze Do upande mpaka uifikie. Ni sawa na mtu anayeijua nyumba ya shangazi yake kwa kuhesabu milango tangu barabara kuu; umshushe upande wa pili wa mtaa, amepotea. Wimbo halisi hauendi kwa kuhesabu milango. Unaruka kutoka Do hadi So, kutoka Mi hadi La, na msomaji anatakiwa aijue kila sauti kwa sura yake.

Kwa hiyo chagua sauti iliyokaa vizuri kooni, uiite Do. Imba Do, Mi, So, Mi, Do, polepole, mpaka zimetulia. Sasa zivuruge. Imba Do, kisha So moja kwa moja. Rudi Mi. Ruka Do. Kisha fanya jambo ambalo ndilo moyo wa mwongozo huu: imba Do, nyamaza, isikie So ndani ya kichwa chako kabla ya kufungua mdomo, ndipo uiimbe. Kinywa kisitangulie sikio. Kama hukuisikia ndani, usiitoe. Rudi kwenye Do uanze tena. Mwanakwaya anayeruka hatua hii atabaki anabahatisha, na atafunikwa na sauti ya jirani yake miaka yote.

Jaribu mistari hii. Kila herufi ni pigo moja, na kistari kinaendeleza sauti iliyotangulia:

| d : m | s : m | d : s | d : – |

| s : m | d : s | m : s | d : – |

| d : s₁ | d : m | s : m | d : – |

Ile s yenye tarakimu ndogo chini ni So ya chini, iliyo chini ya Do. Do ya juu huandikwa d¹, tarakimu ikiwa juu. Usihame kwenye sauti hizi tatu mpaka mtu mwingine akuandikie mstari wake, uuimbe bila kusita. Kwa wengine ni siku chache, kwa wengine ni wiki kadhaa, na yote ni sawa.

Hatua ya pili: ongeza nyingine, moja moja

Ongeza Re na La kwanza. Re iko kati ya Do na Mi, La iko jirani ya So kwa juu, wala hazigusi zile nusu hatua, ndiyo maana ni nyepesi.

| s : m | s : l | s : m | r : – |

| m : r | d : r | m : r | d : – |

Fa na Ti ziache za mwisho. Kila moja ina mahali inapotaka kwenda: Fa inavutwa chini kwa Mi, Ti inavutwa juu kwa Do. Zizoeze pamoja na jirani zake: fa-mi, fa-mi, ti-do, ti-do. Ukishausikia ule mvuto, hutazikosa tena.

| m : f | s : m | r : t₁ | d : – |

Tumia mkono. Curwen aliweka ishara kwa kila sauti, na baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria akazifanya sehemu ya kufundishia watoto wa nchi yake. Do ni ngumi. Re ni kiganja kilichonyooka kikielekea juu kwa mshazari. Mi ni kiganja kilicholala, kimetazama chini. Fa ni kidole gumba kinachoelekeza chini. So ni kiganja kinachotazama kifua chako, gumba juu. La ni mkono unaoning'inia kutoka kwenye kifundo. Ti ni kidole cha shahada kinachoelekeza juu. Anza na Do usawa wa kiuno, upandishe mkono kadiri sauti inavyopanda. Watu wazima huona haya kufanya hivi mbele ya wenzao, lakini mkono hushika umbali wa sauti haraka kuliko maelezo yoyote. Mwalimu asiye na ubao anaweza kuongoza kwaya nzima kwa ishara hizi, bila kuimba neno.

Hatua ya tatu: mapigo peke yake

Msomaji hodari wa sauti anaweza kuharibu wimbo kwa mapigo. Yatenge. Chukua mstari, usahau kupanda na kushuka, uusome kwa sauti moja tu.

Alama zenyewe si nyingi. Mstari mrefu wa wima unaanza kipimo, yaani fungu moja la mapigo, na herufi inayoufuata inabeba uzito. Katika wimbo wa mapigo manne utaona pia mstari mfupi katikati ya kipimo. Hapo kuna uzito wa wastani. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Mkato hugawa robo. Kistari huendeleza sauti. Na mahali palipoachwa wazi baada ya nukta mbili ni kimya, usipajaze.

Kwa kutamka, pigo zima ni "taa", nusu mbili ni "ta-te", robo nne ni "ta-fa-te-fe". Sasa tazama huu:

| d .r : m | s .s : m | r .m : r .t₁ | d : – |

Utausoma hivi: ta-te taa, ta-te taa, ta-te ta-te, taa-aa. Na huu, unaowasumbua wengi:

| m : – .r | d : – |

Mi inashikwa pigo moja na nusu, Re inapata nusu iliyobaki. Kwaya nyingi huikata Mi mapema, Re ikaja kabla ya wakati wake.

Kwa zoezi hili sijaona chombo bora kuliko kayamba. Tikisa kwenda na kurudi bila kubadili mwendo: kwenda ni pigo, kurudi ni nusu yake. Mchezaji wa kayamba wa Kigiriama tayari ana mgawanyo huo mikononi, ila hajaambiwa kwamba ndio ule ule ulioandikwa kwa nukta kwenye karatasi. Mpe kayamba mmoja wenu, wengine wasome "taa" na "ta-te" juu yake. Mkiyumba, kayamba itawafichua papo hapo. Kama hakuna kayamba, kupiga paja kwa kiganja kunatosha.

Hatua ya nne: nusu dakika kabla ya kuimba

Umepewa karatasi mpya. Usianze kuimba. Macho yapite kwanza.

Tazama Do imewekwa wapi na mapigo ni mangapi kwa kipimo. Tazama sauti ya kwanza na ya mwisho ya mstari wako. Wimbo hauanzi kwenye Do kila mara, na alto, sauti ya pili, mara nyingi huanza kwenye Mi au So. Tafuta sauti ya juu kabisa ili isije ikakushtukiza. Tafuta mruko mmoja mgumu na mahali pamoja pa mapigo magumu, uvisome hivyo viwili kimyakimya. Angalia pia kama mstari wa pili unarudia wa kwanza, kwa sababu tenzi nyingi hurudia, na kumbe karatasi yenye mistari minne ina kazi ya miwili tu.

Kisha chukua sauti. Kipigio cha A, kile chuma cha kuchukulia sauti, hutoa mitetemo 440 kwa sekunde. Kama wimbo ni "Do ni F", iite A hiyo Mi, ushuke Re, Do. Kama ni "Do ni G", A ni Re. Kinanda cha simu kinatosha. Imba Do, Mi, So, Mi, Do, So₁, Do, ndipo uitafute sauti yako ya kuanzia.

Anza polepole. Polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukishaanza, usisimame. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote. Ukikosea, acha lililopita, pigo liendelee moyoni, urudi mwanzo wa kipimo kinachofuata. Anayesimama kurekebisha anajizoeza kusimama, na siku ya ibada kwaya haitamngoja. Macho yatangulie mdomo kwa pigo moja au mawili. Ili uyalazimishe, mwombe mwenzako afunike kwa kadi kile kipimo unachokiimba, aisogeze kadi kadiri mnavyokwenda.

Wimbo uliousoma mara tatu si wa kusoma tena, maana umeshaukariri. Tafuta mwingine. Kitabu kizee cha tenzi chenye nota, ambacho nusu ya nyimbo zake hamziimbi, ni hazina. Fungua ukurasa wowote.

Maneno ya wimbo yaje baadaye. Soma kwa do-re-mi, kisha kwa "la-la-la", kisha kwa maneno.

Fe, ta, na Do inayohama

Sauti ikipandishwa nusu hatua, irabu yake hugeuka kuwa e: Fa inakuwa fe, So inakuwa se. Ikishushwa, inakuwa a: Ti inakuwa ta, Mi inakuwa ma. Unazozikuta mara nyingi ni fe na ta. Imba so-fe-so kama unavyoimba do-ti-do, na la-ta-la kama mi-fa-mi. Umbali ni ule ule.

Wakati mwingine katikati ya wimbo utaona herufi ndogo imebanwa mbele ya herufi kubwa, kwa mfano ˢd. Do imehama. Toa sauti ya ile ndogo, So, lakini iite kwa jina jipya, Do, na uendelee kutoka hapo. Zoeza hivi: imba So, ishikilie, iite "do", kisha upande mi, so.

Kuna pia nyimbo ambazo nyumba yake si Do, ni La, na zina uzito fulani wa majonzi au heshima. Wimbo wetu wa taifa ni wa namna hiyo. Ulitengenezwa 1963 kutokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, majirani zetu wa Mto Tana, na Thomas Kalume, mtu wa Pwani hii, alikuwa katika jopo lililouandaa. Unaujua kwa moyo. Uimbe, uisikie sauti unayotua, uiite La, kisha jaribu kuziandika nyingine mwenyewe. Kuandika unachokisikia huimarisha kusoma kuliko mazoezi mengine mengi.

Ukikutana na mistari mitano

Wanaotaka kufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, au kupiga kinanda, watadaiwa kusoma nota za mistari. Uliyojifunza hayapotei. Kazi ni kuipata Do tu, mengine yanafuata.

Kama mwanzo wa mstari hakuna alama ya kupandisha (♯) wala kushusha (♭), Do ni C. Kama kuna alama za kupandisha, ile ya mwisho kulia ni Ti, na Do iko juu yake moja kwa moja. Alama moja, Do ni G. Kama ni za kushusha, ya mwisho ni Fa: shuka Mi, Re, Do, alama moja, Do ni F. Zikiwa mbili au zaidi, ile ya pili kutoka mwisho inakuonyesha Do.

Do ikikaa juu ya mstari, Mi na So ziko kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Do ikikaa kwenye nafasi, Mi na So ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Do-Mi-So za hatua ya kwanza ndizo hizo, safari hii zimepangwa mbele ya macho. Chora mistari mitano kwenye daftari, weka Do popote, uimbe kwa kuzigusa kwa ncha ya kalamu.

Mahali mfumo huu unapoishia

Ndugu zetu wa Lamu na wa hapa Malindi wanaopenda taarabu watauliza kama muziki wa udi na kanuni, ala zake za nyuzi, unaweza kuandikwa kwa do-re-mi. Kwa sehemu. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya zile tunazoziita Mi na ma, na herufi zetu hazina nafasi yake. Ukizilazimisha, unaharibu ladha yenyewe. Muziki huo ujifunze kwa sikio, kwa fundi wake, na do-re-mi uitumie kwa muziki ulioandikiwa.

Kuiingiza kwenye mazoezi ya kwaya

Msigeuze mazoezi yote kuwa darasa. Watu wametoka kazini na sokoni wamechoka, na Jumapili iko karibu. Tengeni dakika kumi za mwanzo, kila siku ya mazoezi bila kukosa. Ishara za mkono dakika tatu, mapigo na kayamba dakika tatu, kisha mstari mmoja mpya kwenye ubao ambao hakuna aliyeusikia. Mwalimu atoe Do tu. Asiimbe mstari. Kishawishi cha kuwasaidia kitakuwa kikubwa, hasa tena wakiyumba, lakini akiimba yeye kwanza watarudi kumfuata na dakika kumi zimekwenda bure.

Wasome wawili wawili, au wanne, ili kila mtu asikie sauti yake. Ndani ya kundi la watu thelathini asiyesoma hajulikani, hata yeye mwenyewe hajijui. Anayekosea asichekwe, hapo mwalimu awe mkali.

Mkifika kwenye sauti nne, anzeni na besi na soprano pamoja, kwa sababu wakishikana hao wimbo una sakafu na paa. Kisha mwingizeni alto. Tenor aje mwisho, apewe nafasi ya kusoma peke yake mara moja kabla ya kuunganishwa, maana mstari wake ndio unaoruka ovyo kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayekutana na fe.